Mafuta ya Shangazi

Mpaka leo sipaki mafuta ya nazi usoni, na mtu akifungua chupa yake karibu nami nageuza pua. Wajukuu wangu wananicheka. Wananiletea vichupa vya kisasa kutoka Tanga mjini na kunisomea maandishi yake: hiki cha ngozi ya mafuta, hiki cha ngozi laini, hiki cha chunusi. Mimi nawauliza swali moja tu: umekijaribu chini ya taya? Kama hawajakijaribu, wakae nacho mbali. Ngozi yangu ni korofi tangu nilipovunja ungo, na yote ninayoyajua kuhusu kuichagulia cha kupaka nimeyajua kwa hasira. Aliyenitia hasira hiyo ni shangazi yangu, dada wa baba. Amekwishazikwa, na bado sijamsamehe.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Handeni, kijiji kipya cha ujamaa. Kabla ya hapo tulikuwa tumetawanyika mabondeni, kila ukoo na shamba lake. Tulipohamishwa, nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, na mlango wetu ukatazamana na mlango wa shangazi. Zamani alikuwa anatufikia kwa kutembea nusu siku, wakati wa harusi na misiba. Sasa akikohoa kwake tunasikia kwetu. Mumewe alikuwa mwenyekiti wa kijiji, kwa hiyo alikohoa kwa madaraka.

Mama yangu alikuwa Mshambaa wa Vugiri, huko juu kwenye ukungu na migomba, na shangazi hakuwahi kumsamehe kaka yake kwa kwenda kuoa kule. Ubaya wowote uliotokea nyumbani kwetu ulikuwa umeshuka na mama kutoka mlimani. Kuku wakifa kwa kideri, ni Vugiri. Baba akiumwa mgongo, ni Vugiri. Mama alikuwa anamsikiliza, anamkaribisha uji, anamwita wifi.

Nilipovunja ungo niliwekwa ndani, kama ilivyo desturi yetu Wazigua. Mwali hatoki, haonekani na wanaume, anafundwa na kulishwa vizuri, na anapakwa mafuta mpaka siku ya kutolewa nje. Siku hiyo watu wote wanakuja kumtazama. Wanasema wamekuja kumpongeza, lakini wanachotazama ni ngozi, maana mafunzo hayaonekani usoni. Mwali akitoka anang'aa, sifa ni za aliyemtunza. Na anayemtunza ni shangazi yake. Mama mzazi hana ruhusa hata ya kuchungulia.

Shangazi aliingia na chupa ya mafuta ya nazi aliyoagiza Pangani, na kopo la manjano. Alivichanganya kwenye kifuu, akanipaka kuanzia kwenye paji la uso mpaka shingoni, mara tatu, kama mtu anayepiga udongo ukutani. Chumba kilikuwa kidogo, na dirisha lilizibwa kwa gunia la katani. Sheria yake ilikuwa moja. Mwili niogeshwe, lakini uso usiguswe na maji. Uso unafutwa kwa kitambaa, kitambaa kile kile kila siku, kisha unapakwa tena.

"Ngozi nzuri haitaki maji," alikuwa akisema. "Ngozi nzuri inataka mafuta."

Nilikuwa nimeingia na vichunusi vichache tu vya paji la uso, vya umri. Haikuchukua muda uso wote ukaota. Vilitoka vyenye usaha, vikatoka vingine vya ndani kabisa ambavyo havionekani ila vinauma ukilaza shavu kwenye mkeka. Mashavu yakavimba, yakawa mekundu. Nilimlilia.

"Shangazi, uso unawaka moto. Niache ninawe, hata mara moja."

"Vumilia. Unawaka kwa ajili ya mawazo yako. Chunusi ni tabia ya mtu, inatafuta njia ya kutokea."

"Sina mawazo yoyote, shangazi."

"Basi ni ngozi ya mama yako. Watu wa ukunguni wale, ngozi zao hazilijui jua."

Nilikuwa nimefungiwa gizani. Jua lenyewe nilikuwa nalisikia kwa wenzangu wanaopita nje wakienda shamba la kijiji.

Mama alikuwa ananisikia nikilia, maana ukuta ulikuwa wa miti na udongo. Siku moja mchana aliinua pembe ya gunia la dirishani, akapitisha bakuli la maji. Nililipokea, nikainama, nikatia viganja majini. Kabla sijafikisha uso, shangazi alikuwa mlangoni. Aliniondolea bakuli taratibu, akalitoa nje, akamwaga maji miguuni pa mama.

"Wifi," alimwambia, "huyu ni mwali wangu."

Nilimsikia mama akiomba radhi. Nikisema nina kisasi, watu wanadhani nazungumzia uso wangu peke yake. Nazungumzia na yale maji miguuni pa mama yangu.

Siku ya kutoka ikafika. Kwetu, kwenye ngoma ya mwali, wanawake wa upande wa baba na wa upande wa mama wanarushiana nyimbo za kejeli, na lililoimbwa ngomani halikasirikiwi. Anayenuna anatozwa kuku, na kesho yake anachekwa tena kwa kutozwa kuku. Ukiumizwa na wimbo, dawa yake ni kusubiri ngoma nyingine ya mwali, nawe uimbe. Hiyo ndiyo sheria, na shangazi aliijua kuliko mtu yeyote.

Nilitolewa nje nimefunikwa kanga mpya. Kisha ikafunuliwa. Watu waliutazama uso wangu, kisha wakamtazama shangazi, maana ndiye aliyeutunza. Niliona alivyohesabu haraka haraka kichwani jinsi aibu ile itakavyomwangukia. Akaruka katikati ya uwanja, akapiga makofi, akaanza yeye:

*Fenesi limeshuka kutoka Vugiri,*
*Limeshuka na vipele vyake,*
*Atakayelimenya apake mafuta!*

Nyinyi mliokulia Tanga mnajua fenesi linavyomenywa: bila kupaka mafuta mikononi, utomvu unakuganda. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Upande wa mama walikuwa wachache, wameshuka na mikungu yao ya ndizi kichwani, na hakuna aliyepata wimbo wa kujibu. Mama alisimama nao, mikono ikining'inia, akijitahidi kutabasamu asije akatozwa kuku.

Katika umati ule walikuwamo wanawake kutoka Mnyuzi. Walikuwa wamekwishaleta kauli ya posa kwa baba, na walikuja kuniona. Wiki chache baadaye walituma mtu kusema kijana wao bado anajenga. Nyumba yenyewe ilikuwa imeezekwa tayari, kila mtu alikuwa anaijua. Watoto wa kijiji wakaanza kuniita Fenesi, na baada ya watoto, wakubwa. Niliapa mambo mawili. Uso huu utatakata, na shangazi ataimbiwa mbele ya wanawake wale wale.

Baba alinipeleka Korogwe kwa mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye mumewe alikuwa mfanyakazi wa shamba la katani. Waliishi kambini, kwenye nyumba za mstari, pamoja na watu waliotoka kila kona ya nchi, na kila jirani alikuwa na dawa ya chunusi. Nilizikubali zote. Sikuzikubali kwa kuamini, nilikuwa na haraka ya kulipiza.

Mmoja alisema nisugue kwa dodoki na sabuni ya mche, ile ya kufulia, niukaushe uso mafuta yote yatoke. Nilisugua. Ngozi ilivutika mpaka kucheka ikawa shida, ikachubuka, na chunusi zikatoka upya juu ya michubuko. Mwingine akasema limau. Nilipaka limau asubuhi, nikaenda sokoni na jua lake, nikarudi na alama nyeusi kama nimepigwa pasi. Nikanunua sabuni ya kuogea yenye manukato, ile ambayo ukiifungua nyumba nzima inanukia. Uso ukavimba, ukawasha usiku kucha. Nikapaka mafuta ya mgando kutuliza mwasho, nikaziba matundu yale yale aliyoyaziba shangazi. Kila nilipojiharibu hivyo, nilimlaani yeye. Labda sikumtendea haki kwa limau. Hilo nalo namhesabia.

Mwishowe nilikwenda hospitali. Muuguzi mmoja, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliugeuza uso wangu dirishani akauliza napaka nini. Nilipomtajia vyote, akashika kiuno.

"Binti, wewe hujatibu uso. Umeupiga vita. Acha vyote."

"Vyote?"

"Vyote. Maji tu, mpaka utulie. Halafu ukitaka kitu, jaribu kimoja. Weka kidogo chini ya taya, ukae nacho siku kadhaa. Kikiwasha, ni taya limeharibika, siyo uso."

Hilo ndilo somo lote. Nimekuwa nalirudia maisha yangu yote. Niliacha vyote, na kuacha kulikuwa kugumu kuliko kupaka, kwa sababu mwenye hasira anataka kufanya jambo. Uso ulipotulia nikaanza kuuchagulia, kimoja kimoja, chini ya taya. Sabuni nyeupe ya watoto isiyonukia ilikubalika, mradi niitolee povu viganjani kwanza, nisiisugue usoni. Nilijikausha kwa kugusagusa na kipande cha kanga kuukuu, changu peke yangu, kinachofuliwa na kuanikwa juani. Shubiri ya porini iliniwasha, lakini ile iliyopandwa kwenye bustani ya hospitali ilinifaa. Unakata jani, unalisimamisha mpaka maji yake ya manjano yanayochoma yatiririke yaishe, ndipo unapaka ule ute mweupe. Muuguzi alinipa chipukizi lake nikalipande kwenye sufuria iliyotoboka. Mafuta ya salfa niliweka tone juu ya chunusi yenyewe, si uso mzima. Limau nikalirudisha kwenye mchuzi.

Uso ulitakata polepole sana. Makovu yalibaki machache, upande wa kushoto. Nikaolewa na mtu mpole ambaye hana nafasi katika habari hii, nikapata kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima, nikapangiwa kijiji chetu kile kile. Nilirudi na sufuria yangu ya shubiri nimeipakata kwenye basi. Mama alipoufungua mtandio wangu aliushika uso wangu kwa mikono miwili, akalia.

Shangazi naye alikuwa amebadilika rangi. Wakati ule vijana wa chama walikuwa wakali juu ya nguo fupi na krimu za kujichubua, na mumewe mwenyekiti alisimama mkutanoni akasema mwanamke atakayejichubua ni mtumwa wa mkoloni. Mkewe alikaa mbele kabisa akipiga makofi, uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi. Krimu ilikuwa inavushwa mpakani na kuletwa na wachuuzi mpaka Korogwe, pamoja na sabuni yenye dawa. Kila mtu alikuwa anajua. Nami nilikuwa nimekwishaijaribu krimu hiyo nikiwa kambini, chini ya taya, kama kawaida. Iliniacha na doa jeupe, baadaye likawa jekundu na kuchoma. Nilikwenda kwake nikamwambia, kwa adabu zote.

"Shikamoo shangazi. Hiyo krimu inaunguza. Iache kabla haijakukaa."

"Marahaba. Fenesi limekuja kunifundisha kuoga?"

Wanawake waliokuwa wakipepeta mahindi barazani kwake walicheka. Nikaaga vizuri, nikaenda zangu. Deni la kumwonya likawa limeisha.

Kisha ikaja miaka ya shida. Duka la kijiji likawa na rafu tupu, watu wakafulia majani ya mpapai, sabuni ikija unasimama foleni tangu alfajiri. Mimi ngozi yangu ilikuwa imezoea maji matupu, sikuteseka sana. Krimu ya shangazi ilikatika ghafla, na uso wake ukaanza kumlipa. Mabaka meusi yalimpanda mashavuni, ya rangi ya chungu kilichopikiwa, na katikati yake palikuwa pekundu. Akaanza kutembea amejifunika kanga mpaka chini ya macho, akisingizia mafua.

Katika hali hiyo binti yake wa mwisho, ambaye nilimwacha akijifunza kutembea, akavunja ungo. Shangazi wa mtoto huyo, dada wa mwenyekiti, alikuwa amekwishafariki. Jioni moja nikasikia hodi mlangoni kwangu.

"Karibu, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Hakukaa. "Mdogo wako amekua. Nataka wewe ndiye umtunze ndani. Nimesikia una mkono mzuri."

"Ana nini?"

Alizungusha macho. "Uso wake umeanza kuharibika kidogo. Chunusi."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo ujana wangu wote. Nikalilaza ulimini kwanza.

"Ngozi hiyo ameitoa wapi, shangazi? Mbona mama yake hakushuka Vugiri?"

Akavuta kanga juu zaidi usoni. Ile ilikuwa ngozi ya kwao, ngozi ya baba yangu na yake, iliyonipata mimi na sasa imempata mwanawe. Nilimwambia nakubali.

Siku ya kwanza nilikuta ameshaweka chumbani chupa ya mafuta ya nazi, kopo la manjano na kifuu. Vile vile. Dirisha limezibwa kwa gunia. Niliishika chupa, nikaifungua. Ingekuwa rahisi sana, na hakuna ambaye angenilaumu, ndiyo desturi. Yule mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, paji la uso limeota vipele vile vile vya umri nilivyoingia navyo mimi.

"Dada," aliniuliza, "na mimi wataniimba?"

Nilifunga chupa. Hasira yangu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yeye. Niliondoa gunia dirishani nikaweka kanga nyepesi, nikaleta bakuli la maji, nikamwambia anawe. Tukaendelea hivyo: maji, povu kidogo la sabuni niliyokuwa nimeificha kwa ajili yangu, ute wa shubiri, kitambaa safi. Mafuta ya shangazi nilimpaka miguuni na mikononi, mahali yanapofaa. Shangazi alichungulia, akaona maji, akafungua kinywa.

"Shangazi," nilimwambia, "huyu ni mwali wangu."

Alikifunga.

Siku ya kutoka, kanga ilipofunuliwa, vigelegele vilipigwa mpaka mbuzi wakakimbia. Uso wa mtoto ulikuwa umetulia, safi, ngozi yake mwenyewe. Watu wakanigeukia mimi. Nikaingia uwanjani, nikapiga makofi polepole ili kila mtu ayasikie maneno:

*Uso umepanda Vugiri, umepata weupe,*
*Mikono imebaki Handeni, inalima,*
*Atakayeuteremsha aje na maji!*

Kwanza walipiga makofi tu. Halafu mmoja akamtazama shangazi, akatazama mikono yake, na kicheko kikalipuka. Walidaka wimbo, wakaurudia, wakauzungusha. Wanawake wa Vugiri, waliofuatana na mama yangu, waliukoleza kwa ngoma, na wa Mnyuzi walikuwapo pia. Shangazi alilazimika kucheza, maana kununa ni kuku. Alicheza huku kanga ikimteleza usoni, na alipofika pale pa mikono, aliificha ndani ya kanga mbele ya watu wote. Nilimtafuta mama kwa macho. Nilimkuta ameinamisha uso, nikadhani anacheka.

Kesho yake shangazi alikuja kwangu akiwa peke yake. Alikaa chini, si kwenye kiti, akafunua uso. Kwa karibu ulikuwa mbaya kuliko nilivyofikiri, umechanika kwenye kona za mdomo.

"Mwanangu, umeniimba, yamekwisha. Sasa unawaka moto. Silali. Nipake nini?"

Sufuria ya shubiri ilikuwa nyuma yake, dirishani.

"Mafuta ya nazi, shangazi," nilisema. "Usinawe. Ngozi nzuri haitaki maji."

Alielewa. Akajifunika, akaondoka. Nilijisikia vizuri. Nasema kweli, nilijisikia vizuri sana, na nilikula chakula kingi jioni ile.

Baada ya siku kadhaa niliona sufuria yangu imepungua jani moja, kisha jingine. Nilimvizia mwizi. Alikuwa mama. Alikata jani kwa kisu, akalisimamisha ukutani mpaka maji ya manjano yakatiririka yakaisha, kama nilivyomfundisha, akavuka barabara nalo. Mlango wa shangazi ulikuwa wazi. Nilimwona amekaa chini, na mama yangu amepiga magoti mbele yake, anampaka ute ule mashavuni kwa kidole kimoja, taratibu, na bakuli la maji liko kando.

Aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni kwake.

"Alimwaga maji miguuni kwako, mama."

"Najua. Miguu ni yangu."

"Nilimwimba kwa ajili yako."

"Sikukutuma," alisema. "Ni wifi yangu. Nimezeeka naye." Akaingia ndani kuosha kisu.

Jioni ile niliing'oa shubiri yote, mizizi na chipukizi zake, nikaitupa kwenye shimo la takataka nikaifukia. Hakukuwa na nyingine kama ile mpaka Korogwe. Kabla mwezi haujaisha nilianza kuota chunusi, shavu la kushoto, pale pale pa zamani. Shangazi alikuwa ameanza kupona. Tulipokutana kisimani, alinitazama uso, akasogeza ndoo yake ili nitangulie mimi kuchota. Sikutangulia.